Dondoo muhimu: Kilimanjaro, ongeza siku kabla ya mazoezi

Wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro huhangaikia miguu, ilhali kinachowarudisha wengi ni hewa. Kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa kama ilivyo Tanga, ila mgandamizo wa hewa umeshuka hadi karibu nusu, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mwili huzoea kwa kuhema zaidi na, baadaye, kuongeza chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo huchukua siku, na misuli haiiharakishi. Utasema mwanariadha ana nafuu. Miguuni anayo, lakini kasi hiyohiyo humponza: hufika juu kabla mwili haujazoea.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Njia ya Marangu hukutoa kambi ya Horombo hadi kambi ya Kibo, takriban mita 1,000 juu zaidi, kwa siku moja. Kwa hiyo siku ya ziada Horombo si anasa, hata kama ada za hifadhi zinauma. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usiendelee kupanda. Ukiyumba kama mlevi au kuhema ukiwa umekaa, shuka hapohapo, hata iwe usiku wa manane.