Somo kwa Wazazi: Mtoto wa Miezi 6 Hadi 12 na Kelele Zake

Somo la toleo hili ni la wazazi wenye mtoto aliyetimiza miezi 6 lakini hajafikia mwaka. Na akina baba walisome, wasiseme kwamba hili ni jambo la wamama.

Kwanza tuungame kosa letu. Kwa miaka mingi, mtoto alipopiga kelele ndani ya ibada, tulimtazama mama yake mpaka akatoka nje. Yule ambaye mtoto wake alikaa kimya mgongoni tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, tulimsifu. Mwaka 2013 sisi wenyewe tulikuwa na mtoto wa namna hiyo nyumbani. Alikuwa na miezi 9. Hakulia sana, hakutambaa, hakutupa vitu. Ulipomweka ndipo ulipomkuta. Tukamshukuru Mungu kwa kutupa mtoto mtulivu.

Siku moja VHT wa mtaa wetu alipita na utepe wake, akampima mkono. Utepe ukaonyesha rangi ya manjano. Tukashangaa, tukasema, "Lakini anakula! Kikombe cha uji anamaliza." Akaomba kuuona huo uji. Alipouinua kwa kijiko, ukatiririka kama maji. Akatuambia, "Pasta, mtoto huyu si mtulivu. Hana nguvu."

Neno hilo lilituuma, lakini lilimwokoa mtoto. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. MTOTO WA UMRI HUU ANAKUAJE?

Uzito na urefu. Watoto wengi huzaliwa na kilo 3 hivi. Akitunzwa vizuri, karibu na miezi 5 uzito huo huwa umekuwa mara mbili, na akitimiza mwaka huwa mara tatu, yaani kilo 9 hivi. Urefu hutoka karibu sentimita 50 hadi karibu 75. Hana, mama ya Samweli, alimshonea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka, kwa maana alijua ya mwaka jana haitamtosha. Basi, mama akiona kwamba nguo ya miezi 6 bado inamtosha mtoto wa miezi 12, asifurahi kwamba ameokoa pesa. Ampeleke kupimwa.

Viungo. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Karibu wote walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9. Kusimama peke yao kulianza kati ya miezi 7 na 17, na kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Wachache hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, lakini walitembea. Kwa hiyo tusimlinganishe mtoto wetu na wa jirani, wala tusiseme amerogwa kwa sababu hajatembea akiwa na mwaka mmoja. Kila mtoto ana siku yake. Lakini mtoto aliyepita miezi 9 bila kuweza kukaa, mwonyeshe mganga wa kliniki.

Mikono. Kwenye miezi 6 anashika kitu kwa kiganja chote. Kwenye miezi 9 au 10 anaokota punje moja ya haragwe kwa kidole gumba na kidole cha kwanza, kisha anaipeleka kinywani. Pia anaangusha kijiko, unamwokotea, anakiangusha tena. Hakuchokozi. Anajifunza kinachotokea.

Akili. Mtoto mdogo, ukificha kitu chini ya kitenge, anakisahau. Karibu na miezi 8 au 9 anafunua kitenge na kukitafuta. Sasa anajua kwamba kitu kipo hata kama hakionekani. Ndiyo maana analia mama akitoka nje: anajua mama yuko mahali fulani, na anamtaka. Umri huohuo anaanza kuogopa wageni. Hata pasta akinyoosha mkono ambariki, mtoto analia. Huyo hana pepo wala hana tabia mbaya. Amejua walio wake.

Lugha. Anasema "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma". Kwenye miezi 9 anageuka akiitwa jina. Karibu na mwaka anapunga mkono wa kuaga, anaelewa "hapana", na huenda ana neno moja au mawili. Haya hayaji yenyewe. Yanakuja kwa sababu watu wanasema naye. Sema naye ukiosha vyombo, ukipepeta maharage. Akisema "ba", mjibu. Ukitumia Kibembe, Kifuliru au Kiswahili, hata lugha mbili pamoja, hazimdhuru.

2. CHAKULA CHAKE

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini. Karibu na miezi 6 akiba hiyo inapungua sana, na maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuirudisha. Kunyonyesha kuendelee mpaka miaka 2 au zaidi, lakini chakula kiongezwe.

Anza na vijiko 2 au 3, kisha ongeza kidogo kidogo. Kutoka miezi 6 hadi 8 apate milo 2 au 3 kwa siku. Kutoka miezi 9 hadi 11 apate milo 3 au 4, na kitu kidogo katikati akitaka. Uji uwe mzito, ubaki juu ya kijiko ukikiinamisha. Uji mwepesi unajaza tumbo, na tumbo la mtoto ni dogo; likijaa maji, chakula hakina nafasi.

Tunajua mikono yetu ni mitupu. Tangu 2023 msaada wa chakula hapa Uganda unatolewa kwa makundi, na nyumba nyingi zimepunguziwa au kuondolewa. Lakini tuangalie tulivyo navyo. Kijiko cha unga wa ndagala, ambazo hapa huitwa mukene, kinageuza uji. Karanga zilizosagwa pia. Maharage yapondwe na kuondolewa maganda. Avoka na ndizi mbivu hazihitaji hata kuni. Lengalenga ikatwe ndogo, iive vizuri. Wenye kuku, tunajua yai linauzwa ili chumvi inunuliwe. Tunawasihi, mayai mawili kwa juma yabaki kwa mtoto. Chai usimpe, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Na awe na sahani yake, ili ujue amekula kiasi gani.

3. HATARI ZA MTOTO ANAYETAMBAA

Mtoto aliyeanza kutambaa anafika pale ambapo jana hakufika. Mafiga yawekewe kizuizi. Beseni lenye maji lisibaki chini. Maji kidogo tu yanatosha kumzamisha. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Punje za maharage, karanga nzima na vifungo viokotwe sakafuni. Mikono yake ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

4. WAKATI WA KUKIMBIA KLINIKI

Utepe wa mkono ni kwa watoto kuanzia miezi 6. Rangi ya manjano ni sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5: mtoto anahitaji msaada. Nyekundu ni chini ya 11.5: usingoje kesho. Miguu ikivimba, bonyeza kwa kidole gumba. Shimo likibaki, huo si unene, ni bwaki. Nenda siku hiyohiyo. Pia nenda kama mtoto amepoteza jambo alilokuwa akiliweza, kama hageuki kwa sauti, au kama anakataa kunyonya. Na kwenye miezi 9 usisahau chanjo ya surua.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
1. Uji wa mtoto wetu unabaki juu ya kijiko?
2. Leo nani amesema naye, na nani amecheza naye?
3. Mara ya mwisho alipimwa lini?

Mtoto wetu wa utepe wa manjano alipewa chakula cha lishe, nasi tukabadili uji. Baada ya majuma machache alianza kuvuta vitenge na kumwaga maji. Jumapili moja alipiga kelele katikati ya mahubiri, nasi tukanyamaza kidogo, machozi yakitutoka. Leo ni kijana anayepiga ngoma ya kwaya. Kwa hiyo, wamama, mtoto akipiga kelele ibadani, msitoke. Kaeni. Sisi tutapaza sauti.