SOMO: KUCHAGUA KINASA SAUTI CHA WANAMUZIKI

Aimbaye hajisikii kama wamsikiavyo wengine. Kwa hiyo kinasa sauti ni kioo chake. Tena nyimbo nyingi za wazee wetu hazijaandikwa popote. Zimo vifuani mwao tu. Basi kabla ya kikundi kutumia mchango wa wengi, yafaa tujue la kuangalia.

1. Kiwango cha sauti. Hili ndilo kubwa. Vinasa vingi vya mikutano hupandisha na kushusha sauti vyenyewe. Kwa hotuba hilo lafaa. Kwa muziki ni hasara. Ngoma ikilia, chombo hushusha sauti zote. Waimbaji wakipunguza, huzipandisha. Mwishoni polepole na kwa nguvu husikika sawasawa, na mwalimu hawezi kujua kama ishara yake ilifuatwa. Chagua kinachokuruhusu kuweka kiwango kwa mkono. Waimbaji waimbe mahali penye nguvu kuliko pote, nawe uache nafasi ya desibeli 12 hivi chini ya kikomo. Sauti ikipita kikomo hukatwa, na iliyokatwa hairudi. Vipo pia vinasa vya biti 32, kama Zoom H1essential cha mwaka 2024, visivyohitaji kuwekewa kiwango.

2. Namna ya kuhifadhi. Faili ya MP3 ni ndogo kwa sababu hutupa sehemu ya sauti. WAV huhifadhi yote. WAV ya stereo, biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, hula karibu gigabaiti 1 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 hutosha saa 30 na zaidi. Nasa kwa WAV, kisha utengeneze MP3 ya kugawia watu.

3. Maikrofoni. Ziwe mbili, ili kushoto na kulia visikike mbalimbali. Kama mna maikrofoni zenu, tafuteni chenye matundu ya pini 3.

4. Betri. Zinazouzwa dukani kwenu ni bora, maana umeme hukatika.

Rahisi ghali, lakini ghali nayo si lazima iwe nzuri. Kijaribuni dukani: mmoja apige meza, mwingine aimbe polepole, kisha sikilizeni.

Maswali ya kujadiliana
(a) Kinasa tulicho nacho hushusha waimbaji ngoma ikilia?
(b) Ni mzee gani tumnase kwanza?