Somo la 7: Kijana Mmoja, Walezi Watatu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 2:41–52, Marko 5:21–43, 1 Samweli 3:1–18, Danieli 1:8–16, Mithali 18:13.

Fungu la kukariri: Luka 2:52.

Barabara ya lami kutoka Korogwe kwenda Handeni ina urefu wa kilomita 65 hivi. Asubuhi ya siku ya shule wanafunzi huonekana kando yake, wengine na vidumu vya maji, wengine wamepakiana watatu kwenye bodaboda moja. Kuna ambao hawaonekani kabisa, kwa sababu hawakulala nyumbani. Shule ya kata iko mbali, hivyo mzazi amempangia mtoto wake chumba karibu na shule, kile ambacho vijana wenyewe hukiita geto. Jumatatu hadi Ijumaa mtoto wa miaka 14 hujipikia, hujiamsha na kujifungia mlango mwenyewe.

Fikiria binti mmoja wa kidato cha pili anayeishi hivyo. Darasani anasinzia, na mwalimu ameandika kwamba ni mvivu. Kwenye zahanati ametibiwa malaria mara tatu ndani ya muhula mmoja. Mama yake, anayemwona mwisho wa juma tu, ameona amekonda na amekuwa mkimya, naye amekwisha kuambiwa na majirani kwamba ni majini. Kila mmoja kati ya hao watatu ana kipande kimoja cha habari, na hawajawahi kukaa pamoja.

JUMAPILI: Mwendo wa siku moja

Soma Luka 2:41–46. Je, Yusufu na Mariamu walikosea wapi?

Hawakuwa wazazi wazembe. Walikwenda kwenye sikukuu kila mwaka. Kosa lao lilikuwa dogo na la kawaida: walidhani yumo msafarani, kwa jamaa au kwa marafiki. Dhana hiyo iliwachukua mwendo wa siku nzima, kisha ikawagharimu siku nyingine za kumtafuta kwa uchungu.

Dhana ya namna hiyo ingalipo. Mzazi hudhani mwalimu anamwona mtoto, mwalimu hudhani mambo ya nyumbani yanajulikana nyumbani, na mhudumu wa afya hutibu homa iliyo mbele yake.

Inafaa kukumbuka pia kwamba aliyetuandikia kisa hiki ni tabibu (Wakolosai 4:14). Katika fungu la kukariri Luka anataja hekima, kimo, na kibali kwa Mungu na kwa wanadamu. Hakukitenga kimo na hekima, wala hakuona aibu kutaja mwili wa kijana ndani ya habari ya hekalu.

JUMATATU: Chumba cha binti wa Yairo

Soma Marko 5:35–43. Yesu aliwaingiza nani chumbani, na aliwatoa nani?

Binti huyu alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba ilijaa watu waliokwisha kutoa hukumu, nao walicheka walipoambiwa kuna tumaini. Yesu aliwatoa nje wote. Akawachukua baba na mama wa binti, pamoja na wanafunzi watatu aliokuja nao. Hapakuwa na watazamaji.

Aliweza kumwinua binti bila wazazi kuwapo, lakini aliwataka ndani. Alimshika mkono, akasema naye yeye mwenyewe, hakuwapitishia wengine maneno. Kisha akaagiza mambo mawili ambayo msomaji wa haraka huyaruka: habari hizo zisitangazwe, na binti apewe chakula. Muujiza ulikuwa wake. Chakula aliwaachia walio karibu na binti.

Rudi kwa yule binti wa geto. Siku mama yake alipoitwa shuleni alikuja amejiandaa kusikia mashtaka. Mwalimu wa malezi, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, alisimama na kumwamkia, “Shikamoo, mama,” akampa kiti kivulini kabla ya kusema lolote. Muuguzi wa zahanati alikuwapo. Hakutaja majina ya magonjwa. Aliuliza tu binti anakula nini siku za shule. Mama alihesabu unga na hela anazompa Jumapili, akanyamaza. Unga ulikuwa unaisha Jumatano.

Hapo ndipo ikaeleweka kwa nini binti alikubali chipsi na lifti kutoka kwa kijana wa bodaboda.

JUMANNE: Eli aliyechelewa kutambua

Soma 1 Samweli 3:4–9 na Mithali 18:13. Samweli aliamka mara tatu. Mara mbili mlezi wake alimrudisha kulala. Sifa ya Eli ni kwamba mara ya tatu alibadili mawazo.

JUMATANO: Vilivyopo tayari

Soma Danieli 1:11–15. Msimamizi hakuombwa aamini tu. Aliombwa ajaribu siku kumi, kisha aangalie nyuso za vijana.

Katika Korogwe na Handeni ushirikiano huu hauanzi kwenye ardhi tupu. Dawa za minyoo hutolewa shuleni na walimu waliofundishwa na watumishi wa afya. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilibadilishwa kuwa dozi moja, ikatolewa kwa wenye miaka 9 hadi 14. Muuguzi huja na chanjo, mwalimu ana orodha ya majina, lakini mzazi aliyesikia sokoni kwamba inaondoa uzazi humficha binti yake siku hiyo. Mkutano mmoja wa wazazi kabla ya chanjo, muuguzi akiulizwa maswali waziwazi, ungemsaidia mzazi huyo kuliko matangazo mengi.

Chakula cha mchana shuleni hutegemea sana mahindi na maharage ya wazazi. Mwaka wa ukame Handeni, michango hupungua mapema, na hapo kanisa lenye shamba lina la kufanya.

Liko pia jambo zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Na sheria ya 2016 inamtishia kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Hata hivyo, familia nyingi “humalizana” kwa fedha au mbuzi, na mtoto hubaki peke yake na kilichompata. Simu namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi wapo. Mzee wa kanisa anayesimamia suluhu ya kumalizana anasimama upande usiofaa, hata kama nia yake ni amani.

ALHAMISI: Siri na umbea

Kwa nini Yesu aliagiza habari za binti zisienezwe? Kwake Yairo, mkuu wa sinagogi, kila kitu kilikuwa habari ya mji.

Kijana hatasema akijua kwamba maneno yake yatasikika kwenye maombi ya Jumatano kama “ombi maalumu.” Kushirikiana si kuambiana kila kitu. Muuguzi ana ya kutunza, na mwalimu pia. Kinachopaswa kuvuka ni kile kinachomlinda mtoto, naye aambiwe kwanza nani atajulishwa. Hatari kwa maisha yake, au ukatili, havifichwi.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Je, darasa lenu lina vijana wangapi? Ni nani anayewauliza hali zao, mbali na mahudhurio?

2. Mama wa binti yule hana hela ya nauli kila siku, wala shule haina bweni. Kanisa lenu lingewezaje kusaidia bila kumnyang’anya mama nafasi yake?

3. Kijana wa bodaboda ni mtoto wa mshiriki mwenzenu. Mtafanya nini Jumatatu asubuhi?