USALAMA NYUMBANI: Pikipiki ya zamani inapotengenezwa katika lupango



Wako watu wanaopenda pikipiki za zamani. Mumoja anatunza FN au Saroléa za Herstal, Ubelgiji. Mwingine ana Yamaha ya baba yake. FN ilianza kuunda pikipiki mwaka wa 1901, ikaacha katika miaka ya 1960. Vipande vyake ni shida kupata, basi mwenyewe anafungua, anasafisha, anachonga. Ni kazi nzuri kwa siku ya mapumziko.

Lakini tufikiri. Katika mugodi kuna mashini za kuingiza hewa, kuna maski, kuna shefu wa usalama. Katika lupango hakuna. Shefu wa usalama ni wewe mwenyewe, na walio karibu nawe ni watoto wako. Tujifunze hatari tatu zisizoonekana kwa macho.

1. Muvuke wa esanse

Esanse inatoa muvuke hata wakati wa baridi. Muvuke huo ni muzito kuliko hewa: unatambaa chini, unafika kwenye mbabula ya mama, kisha moto unarudi mpaka kwenye tangi. Kwa hiyo:
- Usisafishe vipande wala mikono kwa esanse. Tumia maji ya moto na sabuni.
- Fungua tangi inje tu, mbali na mbabula, taa na sigara. Ondoa kwanza waya za batri.
- Usichomee tangi lililotoboka kwa sababu ni tupu. Muvuke uliobaki ndani unaweza kulipasua.
- Usivute esanse kwa mudomo na mupira. Tone dogo likiingia katika mapafu linayaumiza sana.
- Usiweke esanse katika chupa ya bia au ya limonadi. Mutoto anafikiri ni kinywaji.

Mutoto akikunywa esanse, usimutapishe, usimupe maziwa wala mafuta ya mawese. Akitapika, esanse inaweza kuingia katika mapafu. Mupeleke kwa munganga mara moja, hata kama hakohoi bado.

2. Moshi wa mashini

Ndani ya moshi mna gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita mara 200 ya hewa safi tunayovuta, basi mutu anakosa hewa huku anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Usijaribu mashini ndani ya nyumba au garaji, hata mulango ukiwa wazi. Isukume mpaka inje. Ukimukuta mutu ameanguka, fungua milango, muzime mashini, mutoe kwenye hewa safi na mupeleke hospitali.

3. Vumbi la freni

Freni nyingi za zamani zilitengenezwa kwa amianti. Vumbi lake likiingia katika mapafu halitoki, na ugonjwa unaweza kuonekana baada ya miaka 20 au zaidi, hata kansa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza amianti tangu 2005, lakini freni ya zamani haijui sheria hiyo. Usipulize vumbi kwa mudomo wala kwa pampu, usilipige msasa. Lilowanishe kwa maji na sabuni, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kisha kifunge kitambaa hicho katika mufuko na ukitupe. Nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo za watoto.

Pikipiki inalala wapi?

Jamaa nyingi zinaingiza pikipiki ndani usiku kwa kuogopa wezi. Sababu hiyo tunaielewa. Lakini robine na mipira ya zamani huvuja, na watu wanalala na muvuke. Afadhali ifungwe kwa munyororo katika depo. Kama depo hakuna, ondoa esanse yote inje, acha kifuniko wazi mpaka muvuke utoke, ndipo uiingize. Na isilale kamwe katika chumba cha watu wala karibu na mbabula.

Pikipiki iliyokufa miaka 30 inaweza kufufuka mikononi mwa fundi mwenye subira. Mapafu hayana vipande vya kubadilisha. Mama, ukiona kazi inafanyika ndani ya nyumba, simamisha kazi: nyumbani nawe ni shefu wa usalama.