KIBALI CHA KIWANDA KATIKA MAKAZI YA WATU

Mgogoro wa kiwanda kilicho katikati ya makazi hufika mahakamani ukiwa umekwisha kukomaa. Chanzo chake huwa ni siku ile ofisa alipotia sahihi pasipo kuitazama ramani ya mipango miji.

Mwaka 1991 wakazi zaidi ya 700 wa Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam, pamoja na Festo Balegele, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Jiji lilikuwa limezuiwa na mahakama kutupa taka Tabata, nalo likazihamishia Kunduchi, mahali ambapo Mpango Mkuu wa Jiji ulipatenga kwa makazi. Mahakama ilitengua uamuzi huo, ikapiga marufuku utupaji wa taka hapo na kuliamuru Jiji liandae mahali panapofaa. Hapakuwa na kiwanda katika shauri hilo, lakini hoja ni ile ile: mpango uliokwisha kupitishwa humfunga hata aliyeutunga.

Shauri la Owino Uhuru, Mombasa, ni zito zaidi. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi mwaka 2007, ukutani mwa nyumba za watu, kabla ya kupata leseni ya mazingira. Leseni ilifuata baadaye. Yaani karatasi ilitolewa kuhalalisha moshi uliokwisha kuwafikia watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mzigo ukigawanywa baina ya wenye kiwanda na taasisi za serikali. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Tangu kiwanda kianze hadi hapo ni miaka 17, na mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza alikuwa kijana.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kuanza, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mpango bila kibali. Neno "kabla" ndilo linalopuuzwa. Mwekezaji akiisha kumwaga zege, kila ofisi huona haya kumrudisha nyuma.

Hata kata yenye mashamba, kama Susuni wilayani Tarime, haina sababu ya kungoja hadi iwe mji. Mkazi anayeona msingi unachimbwa aulize kwa Ofisa Mtendaji wa Kata eneo hilo limepangiwa matumizi gani na kama tathmini imefanywa. Pingamizi liandikwe, lipelekwe Halmashauri, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ihifadhiwe nyumbani.