Somo la Nne: Kununua Kompyuta kwa Matumizi ya Nyumbani na Biashara Ndogo

Katika somo la simu tulieleza jinsi ya kuhakiki chombo kabla ya kukilipia: unabonyeza *#06#, unapata namba tambulishi ya simu, unaituma kwenda 15090, na jibu linakuja. Kompyuta nyingi hazina namba ya namna hiyo. Hakuna ujumbe mfupi utakaomthibitishia mnunuzi kwamba mashine iliyo mbele yake ndiyo ile iliyoelezwa kwenye kibandiko. Kazi hiyo ni ya mnunuzi mwenyewe, na hufanyika kabla fedha hazijatoka mkononi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika pwani ya Lindi. Mkazi wa Kilwa Masoko anayenunua kompyuta Kariakoo husafiri takriban kilomita 300. Kasoro ikijitokeza wiki inayofuata, dhamana aliyopewa iko umbali uleule. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa magari hayakuweza kupita. Kwa mkazi wa huku, kosa la ununuzi haliishii kwenye bei ya mashine.

1. Anza na kazi, si mashine

Andika kwanza kazi ambazo kompyuta itafanya. Mwenye nyumba ya wageni anayepokea watalii wa Kilwa Kisiwani, mwenye steshenari, katibu wa chama cha ushirika anayeorodhesha mizigo ya ufuta na korosho, na mzabuni anayetumia mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, wote wanahitaji mambo yanayofanana: kuandika, kupanga hesabu, kutumia intaneti na kuchapa. Kwa kazi hizo tunashauri RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo ndiye mwenye sababu ya kulipia zaidi ya hapo. Na familia inayotaka kusoma barua pepe na kutazama masomo ya watoto huenda ikatoshelezwa na kishikwambi.

2. Soma namba, usisome kibandiko

Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizotumika ambazo bado ziko sokoni ni za zama hizo, na nyingine haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu rasmi. Mnunuzi anaweza kulitambua hili kwa kusoma namba ya prosesa. Kwa prosesa za Intel Core i3, i5 na i7, tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, nayo haikubaliki, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, nayo inakubalika. Kwa jumla, kizazi cha nane na vinavyofuata ndivyo vinavyofaa.

Usiridhike na maelezo ya mdomo. Mwombe muuzaji awashe mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma aina ya prosesa na kiasi cha RAM. Ikiwa ni kompyuta mpakato, hakikisha betri imejaa, chomoa chaja na uitumie kwa nusu saa. Betri iliyoshuka kutoka asilimia 100 hadi 60 katika muda huo haitafika saa moja na nusu. Jaribu pia kila kitufe, spika, kamera na matundu yote ya kuchomekea vifaa.

3. Umeme na hewa ya bahari

Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake ikitumia wati 150 kwa saa nane, kwa siku 26, itakula uniti 31.2 kwa mwezi. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa muda uleule itakula uniti 10.4. Zaidi ya hayo, umeme unapokatika ghafla, ya mezani isiyo na UPS huzima palepale na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Kwa sababu hizo, biashara ndogo nyingi za huku zitanufaika zaidi na kompyuta mpakato.

Hewa ya chumvi hutia kutu kwenye matundu na feni. Usiweke mashine karibu na dirisha linaloelekea baharini. Ifunike baada ya kazi, ikiwa imezimwa na kupoa. Kamwe usiifunike ikiwa inafanya kazi.

4. Piga hesabu ya gharama yote

Tuchukue mfano, kwa ajili ya kujifunza hesabu tu. Kompyuta ya kwanza inauzwa Sh 450,000. Betri yake imechoka, na mpya ni Sh 80,000. Diski yake ni ya zamani, na SSD ni Sh 90,000. Jumla ni Sh 620,000, na bado prosesa yake ni ya kizazi cha sita. Ya pili, ya kizazi cha nane na yenye betri nzima na SSD, inauzwa Sh 600,000. Iliyoonekana nafuu imezidi kwa Sh 20,000, na itachakaa mapema. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; daftari hilo lifunguliwe kabla ya kununua.

5. Risiti, dhamana na taarifa za watu

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Omba aina ya kompyuta, namba yake ya utambulisho na muda wa dhamana viandikwe, pamoja na nani atakayebeba gharama ya usafirishaji ikiharibika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiuziwa kitu tofauti na ulichoelezwa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na maandishi. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Mwenye steshenari akumbuke pia kwamba mashine yake hubeba vyeti na nakala za vitambulisho vya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa hizo. Weka nywila, futa nakala usizozihitaji, na safisha diski kabla ya kuuza kompyuta ya zamani.

Maswali ya kujipima

1. Kazi tatu kuu za kompyuta yako ni zipi?
2. Prosesa ya i7-7500U ni ya kizazi cha ngapi? Je, inafaa?
3. Mashine ikiharibika, itatengenezwa wapi, na nani atalipa nauli yake?

Asiyeweza kujibu swali la tatu hajawa tayari kulipa.