Tikiti Maji: Faida Zake na Namna ya Kulila

Wakati wa jua kali tikiti maji huonekana katika masoko mengi ya Kenya, mengine yakitoka Garissa kando ya mto Tana, mengine Loitokitok au Kilifi. Watu hulinunua kwa kuwa lakata kiu, na wakisha kulila wengi husema kwamba wamekunywa maji tu, hawakula kitu. Neno hili lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Katika kila gramu 100 za nyama ya tikiti, gramu 91 hivi ni maji. Sukari ni gramu 6 tu, ijapokuwa ulimi hudhani ni nyingi zaidi. Lakini katika kidogo kibakiacho mna vitamini C, ambayo hulinda fizi na kusaidia vidonda kupona. Mna potasiamu, madini yatumiwayo na moyo na misuli. Tena mna ile rangi nyekundu yenyewe, iitwayo laikopini, ambayo imo katika nyanya pia. Mwili huipokea vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Kwa hiyo alaye tikiti pamoja na konzi ya karanga hupata faida kuliko alaye tikiti peke yake.

Wala tunda hili si geni katika Afrika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba tikiti la Kordofan, nchini Sudani, ni ndugu wa karibu sana wa tikiti tulilolizoea. Na mbegu za tikiti zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lililogunduliwa mwaka 1922.

Kununua kwahitaji maarifa, kwa maana tikiti lililochumwa changa halizidi kuwa tamu likiwekwa nyumbani, kama embe au ndizi. Ligeuze, utazame mahali lilipolalia udongo: doa likiwa la manjano, liliiva shambani, likiwa jeupe, lilichumwa mapema. Kati ya mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, chagua lililo zito. Kuligonga kwa vidole na kusikiliza ni desturi ya wengi, nami siwakatazi, lakini doa ni shahidi bora.

Sasa twafika katika jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni usafi. Tikiti hulala juu ya udongo, ambao pengine umetiwa samadi. Kisha hupakiwa katika lori na kumwagwa chini sokoni. Mtu aonapo ganda gumu hudhani kwamba uchafu hauwezi kupita. Kweli, ganda halipitishi. Kipitishacho ni kisu. Ukikata tikiti lisilooshwa, kisu huchukua vijidudu vya nje na kuvieneza katika nyama, na humo hupata maji, sukari na joto, wala hamna ukali kama wa ndimu wa kuvizuia. Basi osha mikono kwa sabuni, osha kisu na ubao, ulisugue tikiti zima kwa maji safi, ndipo ukate. Nyumba isiyo na friji yafaa inunue tikiti dogo liishalo siku ile ile, au majirani wawili wagawane kubwa mara likatwapo. Vipande vilivyokaa juani na inzi tangu asubuhi ni ghali hata vikiuzwa rahisi, kwa maana ndivyo viletavyo kuhara. Na mtoto akiharisha, asipewe maji ya tikiti badala ya ile dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati; chumvi ya tikiti ni kidogo mno.

Mwenye ugonjwa wa sukari aweza kula kipande, si nusu ya tikiti. Mgonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, kwa sababu ya ile potasiamu.

Sehemu nyeupe iliyo chini ya ganda wengi huitupa, nayo ni mboga. Menya ganda la kijani, ukate vipande, upike kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, kama ipikwavyo mumunye. Mbegu nazo zioshwe, zianikwe, kisha zikaangwe kwa chumvi kidogo katika kikaango kikavu. Zaidi ya robo ya uzito wa kiini cha mbegu iliyokauka ni protini. Zitafunwe vema, kwa maana zimezwazo nzima hutoka kama zilivyoingia. Wala hazioti tumboni, ingawa wazee hupenda kuwatisha watoto hivyo.